Bafu la Shadia: Mshale Nyuma ya Marumaru

Mlango wa bafu ulifunguka, Bi Mwanakombo akatoka ameshika kandambili mkononi, na neno alilolisema lilisikika mpaka ufukweni Katonga. Dagaa waliokuwa wameanikwa juani waligeuka wenyewe upande wa pili.

"Choo hiki kinatazama Kibla."

Hapo ndipo tulipoachana Ijumaa iliyopita, na nasikia kuna watu mtaa wa Rusimbi wamenuniana wiki nzima wakibishana nani amefanya. Tulieni. Leo mtamjua, na mtatamani msingemjua.

Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma: hii ni nyumba ya marehemu Mzee Abdul, hapo Ujiji. Anayeitawala ni mjane wake, Bi Mwanakombo. Mwanawe Abeid, muuza vyombo, amemjengea mkewe Shadia bafu ambalo mji huu haujawahi kuliona. Marumaru nyeusi, kila moja pana kama mlango. Bomba nyeusi zisizong'aa, kama zimepakwa masizi. Shawa pana kama sinia la pilau, inamwaga mvua kutoka darini. Jakuzi jeupe limesimama peke yake katikati ya chumba kama mtumbwi uliokosa ziwa. Na choo kinaelea ukutani, hakina mguu, tangi lake limefichwa ndani ya ukuta.

Shadia aliliwinda bafu hilo kwenye simu kwa miaka miwili, picha moja moja. Leo, baada ya sala ya Ijumaa, wanawake wa mtaa waliitwa kulishuhudia. Bi Mwanakombo, kwa heshima yake, ndiye aliyelizindua.

Na kila aliyekuwa pale, hata mtoto wa madrasa, anajua kwamba Mwislamu hakai chooni akiielekea Kibla, wala akiipa mgongo.

"Umeona vizuri, Mama?" aliuliza Abeid.

"Nimekaa, nikainua macho, nikajikuta natazama kulekule ninakosujudia. Miaka sitini na nane, Abeid, nimejitunza. Leo naletewa choo cha kunifedhehesha."

Wageni walitazamana, watu waliopewa zaidi ya walichokijia.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Ummy, dada yake Abeid. Huyu ameachwa mara mbili, na tangu hapo hakuna chakula kinachomshibisha kama kumwona mwenzake akiachwa.

"Ndiyo bafu la kisasa hilo," alisema. "Mimi nilimuuliza mapema, wifi, kopo la kutawazia litakaa wapi? Akanionyesha picha ya kimpira kama cha kuoshea pikipiki. Nikasema haya, tutafika."

Walicheka. Leonia, jirani wa ukuta wa pili, Mkristo ambaye hakosi shughuli ya Waislamu hata moja, alichungulia ndani.

"Mbona halina kizingiti? Maji yanajuaje pa kuishia?"

"Sakafu ina mteremko, dada Leonia," Shadia alijibu kwa sauti ya chini.

"Na wewe umewekewa mteremko," alisema Bi Mwanakombo. "Utaishia Rusimbi kwa mama yako, leo hii."

Akainua mkono wa kulia, kandambili zikiwa bado zinaning'inia kwenye wa kushoto.

"Mnisikie nyote. Naapa kwa Mwenyezi Mungu, aliyekigeuza choo hiki hatalala ndani ya nyumba yangu usiku wa leo. Awe nani, awe nani. Na mjukuu wangu anabaki hapa."

Mjukuu mwenyewe ni binti wa miaka minne. Shadia aliposikia hivyo alishika fremu ya mlango.

"Mama, choo kinafungwa mimi sikuwepo. Nilikuwa Rusimbi wiki tatu. Abeid alinipeleka mwenyewe, akasema vumbi la simenti litanikaa kifuani. Nimerudi jana, nimekuta pamefungwa. Akasema nisubiri nione pamoja na wenzangu."

"Picha zilikuwa kwenye simu ya nani?"

"Yangu."

"Bomba za masizi nani kazitaka?"

"Mimi."

"Jakuzi?"

"Mimi, Mama."

"Basi na choo ni chako. Mtu hachagui kila kitu halafu akaruka kimoja."

Abeid alikohoa. Alikuwa amevaa kanzu mpya, na uso wake ulikuwa umetulia kupita kiasi kwa mtu ambaye mkewe anafukuzwa.

"Mama ameshaapa," alisema. "Mimi nitafanya nini? Shadia, mbele ya watu hawa nakupa tala..."

"Ngoja kidogo, bosi."

Sauti ilitoka uani. Bonifasi, fundi wa marumaru, alikuwa ameitwa aje apewe pongezi, akaishia nyuma ya jiko na sahani ya pilau. Aliingia anajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, Mama."

"Kaa na shikamoo yako. Wewe ndiye uliyeniwekea choo hiki?"

"Ni mimi."

"Unaijua Kibla?"

"Siijui, Mama. Mimi Mkatoliki wa Kasulu. Ndiyo maana niliuliza."

Wanawake walisogea. Waliokuwa nyuma walipanda juu ya ndoo.

"Nimefanya nyumba tisa za Waislamu kutoka Gungu mpaka Mwandiga," Bonifasi aliendelea. "Kabla sijatoboa ukuta nauliza, nyinyi mnasali mkielekea wapi? Nikionyeshwa, choo nakiweka ubavu. Hapa nako niliuliza, nikaonyeshwa."

"Na nani?"

Bonifasi alitazama vidole vya miguu yake. "Nikimtaja kwa mdomo mtasema nimekunywa."

"Umekunywa?"

"Kidogo, Mama. Ndiyo maana simtaji kwa mdomo."

"Utamtaja kwa nini, kwa pua?" aliuliza Ummy.

"Ukuta utamtaja."

Hapo ikabidi aeleze, na sisi tumsikilize, kwa sababu huyu fundi ana utaratibu wake na hakuna mwingine Kigoma nzima anayeufuata. Zamani aliambiwa aweke bomba kushoto, kesho yake akaulizwa nani kamtuma kushoto. Akabomoa, akarudia, akatukanwa. Tangu siku hiyo hakubali maelekezo ya maneno. Kabla marumaru haijapanda, mteja anapewa penseli ya seremala. Anachora mwenyewe kwenye plasta, anaandika kwa mkono wake, anatia jina. Bonifasi anafunika. Pale penye maandishi hapaki gundi, anaacha nafasi ya kiganja kimoja ili yasifutike.

"Wateja wanageuka," alisema. "Plasta haigeuki."

"Hayo maandishi yako wapi?"

"Nyuma ya marumaru ya tatu kutoka mlangoni, ubavuni mwa choo."

Waliingia wote kwa mkupuo, wakalijaza bafu mpaka wawili wakajikuta wamekaa ndani ya jakuzi. Marumaru ya tatu ilikuwa katikati ya ukuta mkubwa. Ukuta huo mweusi ulipitiwa na mshipa mmoja mweupe ulioanzia sakafuni ukapanda kwa mshazari hadi darini, ukivuka marumaru sita bila kukatika hata unywele. Shadia aliusubiri mshipa huo miezi minne, uje kwa treni kutoka Dar es Salaam. Ukitoa marumaru moja, ukuta wote umekufa. Na nyingine ya mzigo ule hakuna.

"Jamani asiguse," alisema Ummy. "Uzuri wote ule?"

Bi Mwanakombo akamgeukia binti yake taratibu.

"Unaogopa nini?"

"Mimi? Naogopa hasara."

"Wiki tatu hizo, nani alikuwa anabaki hapa na fundi?"

"Nilikuwa nampikia tu, Mama."

"Ulikuwa unampikia samaki, mgebuka. Kichwa anapewa yeye. Mimi niliyekuzaa sijapewa kichwa cha mgebuka tangu mwezi wa Rajabu."

Macho yote yakahamia kwa Ummy, na yule mwanamke aliyezoea kutazama wengine wakiungua akaanza kutokwa na jasho juu ya mdomo. "Sijamwonyesha chochote," alisema. Hakuna aliyemwamini. Leonia alikwishajisogeza mbali naye, kama mtu anayekwepa tope.

"Sikilizeni," Abeid aliingilia. "Ya nini kuvunja? Mimi namwacha Shadia, mambo yanaisha, ukuta unabaki mzima. Tusiharibu kitu kizuri kwa sababu ya maneno ya mlevi."

Shadia alimtazama mumewe. Miaka sita amekaa na mwanaume huyu. Anamjua alivyotumia siku nne kuchagua tochi. Anamjua anavyozunguka kitanda mara tatu kabla hajaamua alale upande gani. Leo mtu huyohuyo anataka kutoa talaka kabla chai ya wageni haijapoa.

"Bonifasi," alisema, "nipe nyundo na tindo."

"Dada, tailizi hii hutaipata tena."

"Mimi ndiye niliyeitafuta. Nipe."

Pigo la kwanza lilirudi na kumtikisa bega. La pili likaacha alama nyeupe. La tatu liliingia, na ufa ukaukata ule mshipa mweupe katikati na kusambaa kama nyufa za kisahani kilichoanguka. Wanawake walifumba macho. Leonia alilia kabisa, machozi ya kweli. Shadia alipotajiwa talaka hakuna hata mmoja aliyelia, lakini marumaru ilililiwa kwa machozi.

Bonifasi alibandua vipande kwa vidole. Nyuma ya vipande hivyo, katikati ya gundi kavu, palikuwa na kiraka cha plasta tupu kisichozidi kiganja.

Mshale. Mnene, umechorwa kwa kukoleza mara mbili. Na ulielekea ziwani.

Ndugu zangu, ziwa letu liko machweo, na Kibla yetu iko kaskazini. Hata mbuzi wa Ujiji, ukimwamsha usingizini ukamuuliza Kibla, hatakuonyesha ziwani. Aliyemchorea mgeni mshale ule alijua anachofanya: fundi akwepe ziwa, akiweke choo ubavu wa ziwa, kiangukie palepale Kibla ilipo. Chini ya mshale palikuwa na neno moja, na chini ya neno palikuwa na jina.

"Soma, Abeid," alisema Bi Mwanakombo.

"Mwanga hafifu, Mama."

"Kioo hicho kina taa pande zote na zinawaka mchana kweupe. Soma."

Abeid alisogea, akainama. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyekojoa kitandani.

"Kibla."

"Endelea."

"Abeid Abdul."

"Mkono wa nani?"

"Wangu."

Ummy aliachia pumzi ndefu, kisha akacheka. Alicheka kwa raha sana, yule dada, mpaka akashika bomba jeusi asianguke. Bi Mwanakombo hakucheka wala hakulia.

"Mchi wa kinu uko wapi?" aliuliza.

Hakusubiri jibu. Alitoka mwenyewe kuufuata, na wageni wote wakamfuata, maana hakuna aliyetaka kuukosa mchi. Shadia na Bonifasi walisukumwa nje na umati. Kwa kitambo cha kuhesabu mpaka tano, Abeid alibaki peke yake ndani ya bafu. Nne zilimtosha. Mlango ulijibamiza, komeo likalia.

Bi Mwanakombo alirudi na mchi begani.

"Fungua."

"Sifungui, Mama."

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

Sauti ya Abeid ilitoka na mwangwi, kama mtu anayesema ndani ya pipa. Bafu za siku hizi hazina kitu cha kunyonya sauti.

"Nataka kuoa. Nikimwacha Shadia mimi mwenyewe, mtasema nimemdhulumu. Ukimfukuza wewe, hakuna wa kukuuliza Ujiji nzima."

Shadia alisogea mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Na bafu, Abeid? Bafu ulilijenga la nani?"

Ile shawa kubwa ilidondosha tone, na jingine.

"Nilimwonyesha picha zako," Abeid alisema hatimaye. "Alizipenda zote. Kasoro bomba. Bomba alitaka za rangi ya dhahabu."

Mnatarajia niwaambie Shadia alianguka, akamwagiwa maji, akazinduka. Hakuanguka. Aligeuka, nyundo ingali mkononi, akamuuliza fundi kama mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Bonifasi, kukigeuza hiki choo ni siku ngapi?"

"Siku mbili, dada."

"Na kuuziba huu mlango kwa tofali?"

Bonifasi aliupima mlango kwa shibiri, upana na urefu, midomo ikicheza.

"Kabla ya Magharibi."

Wote walimgeukia Bi Mwanakombo. Mwanaume aliyeko ndani ni mwanawe wa kiume wa pekee. Alishusha mchi, akaegemea juu yake, akafikiri.

"Niliapa vipi?"

"Kwamba hatalala ndani ya nyumba yako," alisema Leonia.

"Chooni si ndani," alisema Bi Mwanakombo. "Chooni hakusaliwi, hakuliwi, malaika hawaingii. Na alale huko. Tofali ziko nyuma ya jiko, zilibakia kwenye bafu lenyewe."

"Mama, mimi ni mwanao," ilisema sauti ya ndani.

"Una jakuzi. Jinyooshe."

"Nitakula nini?"

"Ummy atakupitishia dirishani."

Dirisha lenyewe ni jembamba kama mgongo wa msahafu, ndivyo yanavyojengwa sasa. Chapati inapita ikikunjwa. Sahani haipiti.

Basi wanawake wa Ujiji, katika nguo zao za Ijumaa, wakajipanga mstari kutoka nyuma ya jiko mpaka mlangoni. Tofali zikaanza kutembea mkono kwa mkono. Bonifasi akakoroga udongo wake. Shadia alisimama mwisho wa mstari, yeye ndiye aliyempa fundi. Aliyempa Shadia alikuwa Wema, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuja naye jana kutoka Rusimbi kusaidia kupika. Wema alifanya kazi kimya, macho chini. Watu walimwonea huruma, wakasema maskini mtoto huyu, anamlilia dada yake moyoni.

Mstari wa kwanza wa tofali ulikaa. Wa pili ukakaa. Wa tatu ulipofika magotini, Abeid alianza kugonga.

"Mama, wanaume wenzangu wameoa wawili, watatu, na hawajajengewa ukuta."

"Hata wewe ungeoa," Bi Mwanakombo alimjibu. "Dini imekupa wanne. Ungemleta huyo mwanamke kwa mlango wa mbele, Shadia angenuna mwezi mmoja, yakaisha. Ulikuwa na haja gani ya kumfukuza huyu kwanza?"

"Huyu dini hainiruhusu, Mama. Si wakati Shadia bado mke wangu."

Walioelewa kwanza walikuwa wazee. Nyuso zao zilibadilika moja baada ya nyingine kushuka mstari, kama taa zinazozimwa chumba kwa chumba. Wanawake ambao mtu hawezi kuwaoa kwa sababu tu ana mke fulani ni wachache sana. Shangazi wa mke. Mama mdogo wake. Binti wa ndugu yake.

Na ndugu yake wa tumbo moja.

Shadia alikuwa amenyoosha mikono kupokea tofali. Halikuja. Alipogeuka alikuta Wema amelishika kifuani kwa mikono miwili, vumbi jekundu limemchafua gauni.

"Dada," alisema Wema. "Dada, mimi nilimwambia asubiri."

Ummy peke yake alisogea karibu apate kuona vizuri.

Shadia alilichukua lile tofali kutoka kifuani kwa mdogo wake, akaliweka chini pole pole. Akamfuta vumbi begani, akamweka sawa mtandio, kama alivyokuwa akimfanyia walipokuwa wanakwenda madrasa. Kisha akamshika kifundo cha mkono.

"Bonifasi, acha kwanza. Hapo palipobaki mtu anapita?"

Fundi aliutazama ukuta wake, akamtazama Wema kuanzia utosini mpaka miguuni.

"Akiinua mguu anapita, dada. Lakini bosi amejifungia kwa ndani."

"Kwa huyu atafungua," alisema Shadia, akamsogeza Wema mbele mpaka magoti yakagusa tofali mbichi. "Mwite."

"Dada, usiniingize humo."

"Mwite."

Wema aliita jina la shemeji yake mara moja tu, kwa sauti ambayo hakuna shemeji anayeitwa nayo. Na ndani ya bafu, taratibu, komeo lilianza kusogea.